Saratani iliyogeuka tukiwa kwenye dawa: tupeane uzoefu

Kifungua Mimba, Kisumu
Mko salama? Namuuguza baba, tezi dume. Miaka miwili alidungwa sindano ya kuzima homoni kila miezi mitatu, PSA (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu) ikashuka chini ya 1, tukachinja kuku. Kisha akaanza kukonda, ubavu wa kulia ukimuuma. Kila tukipima PSA, iko chini. Kliniki moja ikatuambia ni vidonda vya tumbo, tukapoteza miezi miwili.

Skani ikaonyesha madoa kwenye ini. Daktari wa saratani akataka kinyama kipya cha uvimbe kikapimwe. Mimi ndiye niliyebisha: ugonjwa si tunaujua, karatasi si iko kwenye faili? Majibu yakaniziba mdomo. Seli zimekuwa ndogondogo, zimechukua tabia za seli za neva, haziitegemei tena homoni ya kiume. Nyingi za aina hiyo hazitoi PSA ya maana, kumbe kipimo tulichokuwa tukikishangilia kilikuwa kinahesabu waliobaki nyumbani. Sasa yuko kwenye kemo, kaboplatini na etoposidi. Nani mwingine amepitia haya?

Mama Pacha, Nakuru
Pole sana. Mimi ni titi. Mara ya kwanza uvimbe ulikuwa na vipokezi vya estrojeni, homoni ya kike, nikameza tamoksifeni miaka mitano bila kuruka siku. Ugonjwa ukarudi mfupani. Nilidhani ni kosa langu, labda kuna siku nilisahau. Kinyama kipya kikaonyesha vipokezi havipo. Tamoksifeni inaziba mlango wa estrojeni. Mlango wenyewe ukishang'olewa, itaziba nini?

Sista wa Zamu, Kakamega
Nifafanue kidogo, maana wodini naulizwa sana kama ni saratani mpya. Mara nyingi ni ileile. Kuna ya mapafu yenye hitilafu ya jeni ya EGFR: ikitibiwa kwa vidonge vinavyoilenga jeni hiyo, kwa wagonjwa wachache hugeuka ya seli ndogo, na ukiipima, hitilafu ile ya EGFR bado unaikuta. Kabadili nguo, kovu analo. Kwenye tezi dume, mara nyingi jeni za RB1 na TP53 huwa zimeharibika, na hizo ndizo huzuia seli kwenda kombo.

Wa Webuye
Kwetu waliniambia kisu huamsha saratani, mama akakaa miezi minne bila kupimwa tena. Alipopimwa, haikuwa imegeuka hata kidogo, ilikuwa imezoea dawa tu. Kwa hiyo msidhani kila dawa ikigoma ni hadithi hii.

Kifungua Mimba, Kisumu
Asante Sista. Hiyo ya kovu nimemsomea mzee. Amecheka, kisha akaniuliza kama kemo inalijua kovu. Ndilo swali la kliniki ya Jumanne.