Blondi za asali: pembeni zimeungua, katikati bado uji. Nisaidieni kabla ya Jumamosi

Jikoni_Jioni
Habari wadau. Jana nilikuwa naoka blondi, wale ndugu wa brauni (vile vipande vizito vya keki ya chokoleti) wasio na kakao. Siagi imeshayeyuka, ndipo nagundua sukari ya kahawia imekwisha. Kabatini kulikuwa na asali, nikaitia kikombe kwa kikombe. Vingine sikugusa: siagi gramu 115, yai 1, unga gramu 125, vanila, chumvi kidogo, oveni nyuzi 175. Dakika 20 tu pembeni zilikuwa nyeusi, lakini nikiitikisa trei katikati panacheza. Nimeumia, maana Jumamosi mwanangu anatimiza miaka 7 na ameziomba hizo, hataki keki. Je, asali haifai kabisa?

MizaniKwanza
Pole sana. Asali inafaa, kosa liko kwenye kikombe. Kikombe cha sukari kina gramu 200 hivi, cha asali kinafika 340. Halafu katika kila gramu 100 za asali, karibu 18 ni maji. Umeongeza kama gramu 60 za maji kwenye unga wa kikombe kimoja! Pima kwa mizani.

ShangaziWaKeki
Na kuungua pia kumetokana na asali. Ina fruktosi nyingi, nayo hushika rangi mapema kuliko sukari ya kawaida. Mwanangu, sukari nyeupe unayo? Maana sukari ya kahawia ni hiyo hiyo nyeupe yenye molasi kidogo, ile shira nyeusi ya miwa. Tia nyeupe gramu 180 na asali kijiko 1 cha chakula, basi. Moto shusha hadi nyuzi 160.

Ladha ya molasi utaikosa, kwa hiyo mimi ningeifidia kwenye siagi. Usiishie kuiyeyusha. Iache motoni mpaka povu litulie, chembe za chini ziwe hudhurungi na jiko zima linukie kama karanga za kukaanga. Hapo epua upesi, dakika moja zaidi inakuwa chungu. Ipoe ndipo utie yai, la sivyo yai litaiva humo humo.

Unga_Mkononi
Ongeza na magadi soda robo kijiko cha chai, asali ina asidi.

ShangaziWaKeki
Hapo sikubaliani nawe, mdogo wangu. Kijiko kimoja cha asali kina asidi gani ya kuhangaikia? Magadi yanaharakisha rangi, na mwenzetu analia na kuungua. Tena blondi haitakiwi kuumuka kama keki, itapoteza ule utafunaji wake.

Jikoni_Jioni
Shikamoo shangazi, na asante. Nitajuaje zimeiva?

ShangaziWaKeki
Marahaba. Choma kijiti katikati. Kikitoka na uji, bado. Kikitoka na chembe nyevu zilizoshikana, toa. Ukingoja kitoke kikavu umechelewa, kwa sababu zinaendelea kushika ndani ya trei. Usikate mpaka zipoe kabisa.

Jikoni_Jioni
Mrejesho: leo nimeoka za majaribio. Nyuzi 160, dakika 27. Juu pana ngozi nyembamba yenye nyufa, inang'aa, na ukikata kisu kinatoka na unyevu kidogo. Pembeni zina rangi ya asali yenyewe. Mwanangu amekula kipande cha kona, akaomba kona nyingine. Nikioka Ijumaa usiku zitakauka?

MizaniKwanza
Hazikauki, asali inashika unyevu. Zikishapoa zifunike vizuri, na usizikate mpaka Jumamosi yenyewe.