Mjadala: Tupime haiba kabla ya kumpa mtu umeneja?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Kuna kampuni ambazo hazimpandishi mtu cheo mpaka ajaze dodoso la haiba, yaani maswali ya kupima tabia yake ya asili. Majibu yakitoka, wachangamfu wanapanda, wakimya wanaambiwa wasubiri. Napinga. Si kwamba haiba haina uzito. Mwaka 2002 mtafiti Timothy Judge na wenzake walijumlisha tafiti zilizopima zile sifa kuu 5: uchangamfu, utaratibu wa kazi, udadisi, upole na kuyumba kihisia. Uchangamfu ndio ulioambatana zaidi na uongozi, uwiano 0.31 (0 ni kutoambatana kabisa, 1 ni kuambatana moja kwa moja). Maofisa wa rasilimali watu wanaishia hapo! Lakini walitenganisha pia nani huonekana kiongozi na nani huongoza vizuri akishakalia kiti. Uchangamfu ukashuka kutoka 0.33 hadi 0.24. Upole ukapanda kutoka 0.05 hadi 0.21. Yaani mpole hana anayemwona siku ya kuteua, ila kazi anaiweza karibu sawa na msemaji.

Kalamu Kavu:
Mkuu, takwimu zako zinakugeuka. 0.24 bado inazidi 0.21. Halafu ukifuta dodoso kinabaki nini? Usaili, ambako mwenye ulimi ndiye hasa anayeshinda, na kujuana. Dodoso angalau linawauliza wote maswali yaleyale.

Mpita Njia:
Linajazwa na mtu anayekitaka cheo. Nani atakiri kwamba hukasirika upesi?

Jicho la Tatu:
Mnawasahau wanaoongozwa. Utafiti wa Adam Grant na wenzake, 2011, kwenye maduka ya piza Marekani: palipokuwa na wafanyakazi wanaongoja maelekezo, bosi mchangamfu alikwenda na faida kubwa zaidi. Walipokuwa watu wa kujiongeza wenyewe, ikawa kinyume, maana bosi wa namna hiyo hapendi kupokea wazo la mtu wa chini. Sasa dodoso la mtu mmoja litakwambia nini kuhusu timu ambayo hujampangia?

Na mtindo wa kuongoza sio haiba. Mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake, 1939, waliwapa watu wazima vikundi vya wavulana, na mtu yuleyule akabadilishiwa mtindo: hapa anaamrisha, pale anashirikisha. Vikundi vikabadilika kufuata mtindo. Wa kuamrishwa walifanya kazi sana kiongozi akiwepo. Akitoka, kazi inalala.

Kalamu Kavu:
Wale viongozi wa Lewin walifundishwa kuigiza kwa wiki chache. Meneja ana miaka, na siku mauzo yakianguka atarudi kwenye tabia yake ya asili.

Mleta mada:
Hapo kwenye usaili umenibana, nakubali ni mbovu kuliko dodoso. Basi mtu akaimu nusu mwaka, kisha walio chini yake waulizwe kwa siri.

Mpita Njia:
Walio chini yake watampitisha anayewaachia mambo. Au hilo nalo mna kipimo chake?