Naombeni ushauri: mafaili yetu yamesalia WhatsApp na kwenye barua pepe za zamani

Habari zenu wakuu. Simu ya bro ilitumbukia ziwani pale kivuko cha Kamanga, na laptop ya nyumbani hapa Buswelu ilishakufa kitambo. Cha ajabu, vitu vingi vimepatikana: vyeti vimo kwenye barua pepe za kuombea kazi, skani ya hati ya kiwanja iko kwenye grupu la ukoo, picha za marehemu mzee akiwa soko la samaki la Mwaloni anazo shangazi wa Bukoba. Hakuna aliyepanga iwe hivyo.

Shida ni picha. WhatsApp imezibana, ukivuta karibu uso wa mzee unakuwa vipande vipande. Zingetumwa kama dokumenti zisingebanwa, ila ndo hivyo, orijino zimezama. Kuna namna ya kuzisafisha zichapishwe kubwa? Programu moja ya AI imemng'arisha mpaka kawa mtu mwingine, mama kakataa kabisa.

Halafu Gmail ni GB 15 tu za bure, zinagawanwa na Drive (hifadhi ya mafaili ya Google) na Google Photos, na yangu inakaribia kujaa. Akaunti isiyotumika miaka 2 Google wanaweza kuifuta, na ya mzee haifunguliwi na mtu. Nywila tunayo. Nilipie nafasi, au ninunue diski ya nje? Flashi za kuuziwa barabarani siziamini.