Migomba yangu ya ndani imeota ukungu: huu mweusi na ule mweupe ni ugonjwa mmoja?

BintiMkomani (Lamu)

Asalaam aleikum jamaa. Naomba mnisaidie kabla sijaipoteza.

Nina migomba mitatu ya kisukari kwenye ndoo za rangi za lita 20. Machipukizi aliyaleta mama kutoka shamba letu la kule Hindi, upande wa bara, miezi michache kabla halijauzwa, kwa hivyo sina tena pa kwenda kuomba mengine. Kwa kawaida inakaa juu darini, kwenye paa la wazi. Upepo wa kusi wa mwaka huu ulipoanza kuyachana majani, mimi na mpwa wangu tukaiteremsha ngazi hadi msanani, ule ukumbi wa ndani, na tangu mwezi wa nne iko humo. Nyumba yetu ni ya zamani, mawe na chokaa. Masika kuta zinatoka jasho, hata nguo za kabatini zinanuka uvundo.

Sasa naona mambo matatu. Majani yamepakwa kitu cheusi, kama masizi ya kibatari. Udongo wa ndoo zote umeota manyoya meupe, laini kama pamba. Na mgomba wa tatu majani ya nje yanageuka manjano, na shina lake chini limekuwa na rangi ya kijivu.

Nilikwenda duka moja la pembejeo nikaeleza. Aliyenihudumia hakuuliza swali hata moja, akanipa dawa ya kuvu. Nimeshapiga mara mbili, na weusi uko palepale. Je, nibadilishe dawa, au nikate yote?

MkulimaSabaki (Malindi)

Wa aleikum salaam mwanangu. Usikate, na hiyo dawa iweke chini kwanza. Hayo uliyoyataja ni mambo matatu kweli, na kila moja lina chanzo chake.

Anza na weusi. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe, futa jani moja. Masizi yakitoka na jani likabaki kijani kizima, huo ni ukungu wa masizi, umekaa juu tu. Ingekuwa sigatoka nyeusi, ule ugonjwa wa kuvu unaoingia ndani ya jani, ungeona michirizi ya kahawia inayofuata mishipa ya jani, baadaye inakuwa mabaka meusi yenye kijivu katikati, na hayafutiki hata usugue vipi. Huku kwetu kando ya mto nimewaona watu waking'oa migomba mizima kwa kuchanganya hivi viwili, na inaniuma kila mara.

Ukungu wa masizi hauli mgomba. Unakula utamu unaodondoshwa na wadudu wafyonzaji, ndiyo maana dawa ya kuvu haikukusaidia: asubuhi umepiga, jioni wadudu wamedondosha tena. Geuza majani. Halafu fungua kwapa, pale kikonyo cha jani kinapoachana na shina, utazame kwa tochi. Niambie pia kama kuna sisimizi wanaopanda.

BintiMkomani

Ami, nimefuta. Kitambaa kimekuwa cheusi tititi, na jani chini yake linang'aa.

Sisimizi wapo, mstari mmoja kutoka kwenye ufa wa ukuta, ukingo wa ndoo, mpaka juu. Kwapani nimekuta vitu vyeupe kama unga wa muhogo ulioshikana. Nilidhani ni ukungu uleule wa udongoni. Nikagusa kimoja kwa njiti ya kiberiti, kikatembea! Nikamwita mama aje aone. Vimejipanga kwenye mfereji wa kikonyo, vimebanana, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele, na pembeni vina vinywele vifupi vyeupe.

MkulimaSabaki (Malindi)

Hao ni vidungata, wadudu wafyonzaji niliokutajia. Ukungu hautembei.

Fanya hivi. Majani yaliyokwisha kauka, na yale maganda makavu yanayofunika shina, yavue yote kwa mkono, uyatie kwenye mfuko na yatoke nyumbani siku hiyohiyo. Humo ndimo wanamojificha. Waliobaki kwapani wafute kwa pamba iliyotiwa spiriti ya hospitali, ila jaribu kwanza pembe ya jani moja ungoje siku moja. Halafu osha mgomba mzima, juu na chini ya majani, kwa maji yenye sabuni ya maji, kijiko cha chai kwa lita.

Baada ya hapo tumia mwarobaini. Kokwa zilizokauka, twanga, gramu 50 kwa lita ya maji, iache ilale usiku mmoja, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo ili ishike. Piga jioni, maana jua linaiharibu. Rudia kila wiki, mara nne kwa uchache, kwa sababu mayai hayafi na sabuni. Na sisimizi wazuie: wao wanawalinda vidungata ili wapate ule utamu. Simamisha kila ndoo juu ya matofali ndani ya beseni lenye maji, matofali yapite juu ya maji, ndoo yenyewe isiloe. Hayo maji mwaga kila baada ya siku mbili, msifuge mbu.

Ukiona vidukari pia, vile vyeusi-kahawia vinavyojazana kwenye jani jipya lililojikunja, usivionee huruma. Ndivyo vinavyobeba kirusi cha kudumaza shada la majani, na mgomba uliokipata hauponi.

Manyoya ya udongoni: uliweka mbolea gani?

BintiMkomani

Ya punda, ami. Niliitia mwezi wa tatu, haikuwa imekauka sana.

LangoniToronto

Dadangu, hapo kwenye mbolea na maji naomba niseme, maana yamenikuta.

Mimi ni wa Langoni, sasa niko Toronto. Nina mgomba mfupi sebuleni. Mwezi wa tisa unaingia ndani, unatoka mwisho wa mwezi wa tano. Wa kwanza niliupoteza mwezi wa kwanza, theluji ikiwa nje, kwa sababu niliumwagilia kama nilivyomwona bibi yangu akimwagilia Lamu, kila asubuhi. Chini ya nyuzi 14 hivi mgomba hausogei, na usiposogea haunywi. Maji yakakaa, udongo ukaota ukungu mweupe kama wako, mizizi ikaoza. Siku nilipolisukuma shina likaanguka lote mkononi mwangu, likinuka samaki. Nililia.

Lamu hamna baridi hiyo. Kinachousimamisha wako ni kiza cha msanani. Umeuondoa kwenye jua la darini ukauweka mahali penye mwanga wa kusomea kwa shida, na maji unatia yaleyale. Sivyo?

Manyoya meupe yenyewe yanakula mbolea mbichi, hayali mgomba. Yaloweshe kidogo yasiruke vumbi, funga mdomo na pua kwa leso, kwangua udongo wa juu vidole viwili, katupe. Usimwage dawa ya kufulia nguo nyeupe humo, itaua mizizi. Kisha usimwagilie mpaka uchomeke kidole chote na kitoke kikavu. Na maji yawe yale matamu ya visima vya Shela, kijiji jirani. Kisima cha ndani ya mji kikiwa cha chumvi, ncha za majani zitaungua na utadhani ni ugonjwa mwingine.

Huo wa tatu, ubonyeze shina kwa dole gumba hapo penye kijivu. Likizama, usisubiri. Kata kwa kisu kikali kilichopitishwa kwenye maji ya moto, kipande kwa kipande ukishuka, mpaka uone nyama nyeupe safi. Moyo wa mgomba uko chini kwenye tunguu, lile bonge linalotoa mizizi, karibu na udongo. Tunguu likiwa gumu, utaota.

BintiMkomani

Jamaa, narudi na habari, wiki ya tatu sasa.

Ndoo ya tatu nilipoigeuza chini niliona tundu moja tu, tena limezibwa na mizizi. Nimetoboa sita. Dole lilizama kweli. Nilikata mara nne; vipande vitatu vya kwanza vilikuwa na duara la kahawia pembeni na harufu ile ile ya samaki, cha nne kikatoka cheupe chote, maji yake yakinata vidoleni. Kilibaki kisiki cha shibiri moja. Mama hakutaka kutazama.

Nililala nayo rohoni. Asubuhi baada ya sala nikaenda na tochi. Katikati ya kisiki, pale nilipokata sawasawa, palikuwa pametokeza kimviringo cha kijani kibichi, kimepanda upana wa kidole juu ya vingine. Leo ni jani, limefunguka nusu.

Hiyo miwili mingine nimeosha mara tatu, sisimizi wameacha, weusi mpya sijauona. Yote mitatu nimeisogeza kwenye ukingo wa kiwanda, ua wa katikati ya nyumba, inapata jua la saa nne hadi saa saba na haipigwi na upepo. Maji natia mara moja kwa siku nne au tano.

Ami, swali moja: hii mbolea ya punda niliyobaki nayo gunia zima, niiache ioze muda gani kabla ya kuirudisha?

MkulimaSabaki (Malindi)

Miezi mitatu, chini ya kivuli, uigeuze kila wiki mbili. Ikinuka udongo na isinuke punda, iko tayari. Nisalimie mama.