Naombeni ushauri: simu mpya haina sehemu ya kadi, na mwezi wa kumi naenda Guangzhou

BintiWaAggrey

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo yenu kabla hela haijatoka.

Nauza mabegi na viatu vya watoto Kariakoo. Oktoba nakwenda Guangzhou kipindi cha maonesho ya Canton. Simu yangu ni iPhone 12, betri imechoka kabisa. Kaka yangu anaishi Muscat, amesema ataninunulia iPhone 17 kule kule na kuniletea akija likizo.

Nina laini mbili. Moja ni kadi ya kawaida, ndiyo namba ya biashara: wateja wananijua kwa namba hiyo, pesa za simu zimo humo, meseji za benki zinaingia humo. Ya pili ni ya familia, hiyo iko kwenye eSIM, yaani laini isiyo na kadi, inaingizwa ndani ya simu yenyewe. Sasa jirani yangu wa dukani ananiambia simu za kule hazina kabisa sehemu ya kuchomeka kadi. Ni kweli? Kama ni kweli, laini ya biashara itaingia vipi, na hii eSIM inahamaje kutoka simu moja kwenda nyingine? Halafu China nitatumia nini, maana wenzangu wakifika hununua kadi ya kule kule.

Kinachonitia hofu hasa ni kuwa mbali, mzigo unasubiri malipo, na namba ya biashara haisomi.

fundi_msimbazi

Dada, jirani yako kasema kweli. iPhone 17 zinazouzwa Oman, Falme za Kiarabu, Saudia, Qatar, Kuwait na Bahrain hazina tundu la kadi. Marekani waliliondoa mapema zaidi, tangu iPhone 14 mwaka 2022. Lakini iPhone 17 hiyo hiyo ukiichukua Uingereza, ina tundu moja la kadi pamoja na eSIM. Kwa hiyo usiulize jina la simu tu, uliza imetengenezwa kwa ajili ya soko la nchi gani. iPhone Air peke yake ndiyo haina tundu popote duniani.

Na asikudanganye mtu kwamba utachongewa tundu baadaye. Wapo wanaofanya kazi hiyo, lakini simu ikishafunguliwa hivyo uwezo wake wa kuzuia maji umekwisha, na ikisumbua hakuna atakayeipokea kwa dhamana.

Kuhusu kuhama, nitaeleza kirefu kidogo kwa sababu hapa ndipo watu wanaumia. Kadi ya plastiki unaitoa, unaiweka kwenye simu nyingine, imekwisha. eSIM haiko hivyo. Imeandikwa ndani ya chipu ya simu husika, na simu ile ikizima moja kwa moja, laini imezima nayo. Ule msimbo wa QR, picha ya kuskani ya kuingizia eSIM, uliopewa mara ya kwanza kwa kawaida hutumika mara moja tu, kwa hiyo kuutunza kwenye picha hakukusaidii kitu. Kuna namna ya kuhamisha iPhone kwa iPhone zikiwa karibu karibu, lakini mpaka mtandao wako uwe umeruhusu. Kama haujaruhusu, unakwenda dukani kwao na kitambulisho na kupewa msimbo mpya.

Halafu fuata mpangilio. Usifute simu ya zamani kabla laini haijasoma kwenye mpya, ukapiga, ukapigiwa na meseji ikaingia. Watu wanauza simu, wanafuta kila kitu, simu inauliza kama eSIM ifutwe pia, mtu anabonyeza ndiyo kwa haraka. Hapo laini imeondoka kwenye simu zote mbili.

Jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: iPhone 17 inabeba eSIM nyingi, lakini zinazowaka kwa wakati mmoja ni mbili. Wewe China utakuwa na ya biashara, ya familia na ya safari. Moja lazima izimwe.

Mpemba_wa_Ruwi

Assalaam aleikum bibie. Mimi nipo huku Muscat. Mwambie kaka yako kabla hajalipa aiwashe simu pale pale dukani, aingie kwenye mipangilio, sehemu ya maelezo ya simu, atafute mstari wa kufungwa kwa laini. Mstari huo lazima uwe umeandikwa "No SIM restrictions", yaani haijafungwa. Simu nyengine huuzwa kwa mkopo wa kampuni ya simu na huwa imefungwa kwa mtandao huo. Ikiwa imefungwa, eSIM ya Tanzania haitoingia hata ukipewa misimbo kumi.

Na akiweza, aulize iliyoletwa kutoka soko jengine yenye tundu la kadi. Maduka mengine huku huwa nazo. Pengine atalipa zaidi, lakini kwa mfanyabiashara mimi naona inafaa.

mhasibu_Makorora

Habari dada. Nizungumzie upande wa pesa, maana hapo ndipo kuna uzito.

Kubadilisha kadi kuwa eSIM, kwa mtandao ni sawa na kurudisha laini iliyopotea: namba ni ile ile, laini ni mpya. Baadhi ya benki na huduma za pesa za simu zikiona laini imebadilishwa husimamisha miamala kwa muda, kukulinda na wezi wanaorudisha laini za watu. Ulinzi huo naupenda, lakini ukikukuta keshokutwa unasafiri utakukwamisha. Kwa hiyo usifanye wiki ya safari. Fanya mapema, kisha jaribu kila kitu ukiwa bado Dar: fungua menyu ya pesa, tuma kiasi kidogo, ingia kwenye programu ya benki, subiri namba za uthibitisho zifike.

Kumbuka pia laini zetu zimesajiliwa kwa namba ya NIDA na alama za vidole. Simu ikiharibika ukiwa Guangzhou na laini ya biashara imo ndani kama eSIM, kidole chako kipo China na duka la kampuni yako ya simu lipo Dar. Kuna mwenzetu mmoja simu yake iliingia maji Istanbul. Hakupata meseji ya benki hata moja mpaka alipotua nyumbani, na mzigo wake ulilipiwa na rafiki.

Msimbo wa QR usimtumie mtu yeyote kwa WhatsApp, hata kijana wa dukani. Ukiwa bado haujatumika, anayeuskani kwanza ndiye mwenye laini.

Mama_Kontena

Mdogo wangu, Guangzhou nimekwenda sana, nisikilize.

Kadi ya kule usiitegemee. Wanauza kwa pasipoti, lakini wanachokupa ni kadi ya plastiki, na simu yako haina pa kuiweka. Simu isiyo na tundu, mkombozi wake kule ni eSIM ya safari ya kampuni ya nje. Inunue na uiingize ukiwa nyumbani kwenye intaneti nzuri. Ukingoja kufika, unaweza kukuta tovuti ya muuzaji haifunguki.

Faida yake ni kwamba eSIM nyingi za namna hiyo hupitisha data nje ya China, kwa hiyo WhatsApp na Google, ambazo China zimefungwa, zinafunguka kama uko nyumbani. Lakini ukifika hoteli, simu ikashika waifai ya hoteli, WhatsApp inakata. Hapo wengi huanza kuilaumu eSIM, wengine wanaifuta na kununua nyingine. eSIM haina kosa, ni ile waifai. Zima waifai, WhatsApp inarudi.

eSIM hizo nyingi ni za data tupu. Hazina namba, hazipokei meseji. Kwa hiyo WeChat na Alipay, programu za Kichina za kulipia, zifungue na kuzithibitisha ukiwa Dar kwa namba yako, na kadi ya benki uiunganishe huko huko. Ukifika Xiaobei, mtaa wa Waafrika pale Guangzhou, unataka kulipa chakula halafu programu inakuomba namba za uthibitisho, utahangaika.

Na usije ukatamani simu ya bei nzuri kule ukaileta nyumbani. iPhone za China bara ni kinyume cha za Oman: zina matundu mawili ya kadi na hazikubali eSIM kabisa, ukiacha iPhone Air.

NjeNdani

Niongeze la Uturuki kwa wanaokwenda Istanbul kuchukua nguo. Tangu Julai 2025 tovuti za wauzaji wengi wa eSIM za safari zimefungwa ukiwa ndani ya nchi. Iliyoingizwa kabla ya kufika inafanya kazi, tatizo ni kununua au kuongeza kifurushi ukiwa kule. Nunua kifurushi kinachotosha safari nzima.

MzeeWaBandari

Binti yangu, wote wamesema vizuri, ila mimi sikubaliani na kuigeuza laini ya biashara kuwa eSIM.

Kwa nini namba inayokulisha uifungie ndani ya simu moja ya kioo? Iache kwenye kadi. Iache kwenye hiyo iPhone 12, badilisha betri, usafiri nazo zote mbili. iPhone 17 ibebe laini ya familia na eSIM ya safari. WhatsApp ya biashara utaisajili kwenye simu mpya kwa namba ile ile. Meseji ya uthibitisho itaingia kwenye simu ya zamani, unaandika zile namba, basi. WhatsApp haijali kadi iko simu gani. Na iPhone 12 ikianguka, unatoa kadi na kuiweka kwenye simu yoyote ya kuazima yenye tundu, hata kitochi, na meseji za benki zinaendelea kuingia.

Kabla hujaondoka pigia mtandao wako wakuwashie romingi (laini kufanya kazi nje ya nchi) kwenye kadi hiyo, wengine haiji yenyewe. Uliza pia kama kupokea meseji ukiwa nje kunakatwa. Data ya romingi kwenye laini ya nyumbani izime.

fundi_msimbazi

Mzee kanizidi, na mimi nahamia upande wake. Nilikuwa najibu swali la kuhamisha, yeye kauliza kama kuna haja ya kuhamisha.

Niongeze mambo mawili ya mipangilio. Kwenye iPhone 17, eSIM ya safari ndiyo iwekwe kuwa laini ya data, na romingi yake iwashwe. Watu wanazima romingi kote wakiogopa gharama, kisha wanashangaa hakuna intaneti. eSIM ya safari yenyewe inaishi kwa romingi. La pili, kuna swichi inayoiruhusu simu kuchukua data kwenye laini nyingine mtandao ukiwa dhaifu. Hiyo zima. Ikibaki imewaka, simu itavuta data kwenye laini ya familia bila kukuuliza, na salio litakwisha ukiwa umelala.

Na weka vocha kidogo kwenye kila laini unayoingiza kwenye iPhone. Simu hutuma meseji ya kimya nje ya nchi kuwasha iMessage na FaceTime, huduma za iPhone za meseji na kupigiana, na meseji hiyo hukatwa.

BintiWaAggrey

Nimewasoma wote, ahsanteni sana. Mzee wa Bandari shikamoo, nakubali neno lako: kadi ya biashara haiguswi. Kesho napeleka iPhone 12 ibadilishwe betri. Kaka nimeshamtumia maelezo ya Mpemba, ataangalia kama imefungwa na atauliza yenye tundu.

Swali la mwisho kwa Mama Kontena: eSIM ya safari nikiiingiza mapema, siku zake hazitaanza kuhesabiwa nikiwa bado Dar?

Mama_Kontena

Inategemea uliyonunua, soma kabla ya kulipa. Nyingine huanza kuhesabu siku ile unapoiingiza, nyingine huanza inaposhika mtandao wa kule. Tafuta hiyo ya pili. Ukishaiingiza, izime, uiache hivyo mpaka ndege itue. Na usiifute mpaka urudi, hata ikisumbua vipi, maana nyingi ukizifuta hazirudi tena. Ikisumbua, zima simu na uiwashe, au chagua mtandao wa kule kwa mkono kwenye mipangilio. Ukifika nitafute, Oktoba nitakuwepo.