Hivi Kilwa Road ya Mbagala ndo inafika Kilwa kweli?

Wa_RangiTatu: Wakuu habari za humu, mi nimekulia Mbagala, daladala za Kilwa Road ndo usafiri wangu kila siku ila sijawahi kuvuka Kongowe. Jumamosi naenda Mtwara msibani, sasa bi mkubwa anasema nibebe blanketi na maji ya kutosha eti enzi zao walikuwa wanalala njiani. Ananitisha au? Na inapita wapi na wapi?

mmatumbi_og: Ni hiyo hiyo mkuu. Vikindu, Mkuranga, Kimanzichana, Kibiti, Ikwiriri kwenye mbao, unavuka Rufiji, unaikuta Nyamwage, Muhoro, Somanga mpaka Nangurukuru. Hapo anayeenda Kilwa Masoko anakata kushoto, basi lako linanyoosha Lindi hadi Mingoyo, kulia Masasi kushoto Mtwara. Lami tupu, unatoka asubuhi jioni umefika. Blanketi acha

Babu Korosho: Mwanangu bi mkubwa hajakudanganya. Kabla ya Daraja la Mkapa 2003 pale Ndundu tulivuka kwa pantoni, likiharibika foleni ya malori na mabasi inalala hapo na mbu wa Rufiji hawana adabu. Na daraja lenyewe mita 970 tukashangilia weee kumbe kuanzia pale mpaka Somanga kilomita 60 hakuna lami, udongo mweusi ule mvua ikinyesha unanata kama ugali wa muhogo, konda anagawa majembe, wanaume shuka sukuma, akina mama wametangulia kwa miguu viatu mkononi. Mi kandambili yangu moja ilibaki humo. Hiyo 60 imekuja kukamilika lami zaidi ya miaka kumi baada ya daraja!! Ndo maana ukisikia mtu wa kusini analalamika tulisahauliwa usimcheke

mmatumbi_og: Hahaha mzee majembe umenikumbusha. Ila hata lami nayo, Mei 2024 kile kimbunga Hidaya kilipopita maji yalikata barabara maeneo ya Somanga na Matandu huko, mabasi yakakwama kama zamani. Mito ya huko inashuka kwenda baharini na barabara ndo imeikatiza njiani, makalavati yakizidiwa imekula kwenu

Wa_RangiTatu: Duh. Kwa hiyo blanketi nibebe nisibebe?

Babu Korosho: Mvua zimeanza huko?

Wa_RangiTatu: Shemeji anasema tangu juzi inanyesha

Babu Korosho: Beba. Na Somanga ukiona samaki wa kukaanga dirishani nunua palepale, chenji wape kamili maana dereva hasubiri mtu