Ripoti moja, waandishi wanne: "organise" au "organize"? Na makosa gani ya sarufi niwinde?

Kalamu_Butu
Wakuu, habari za leo. Ninahariri ripoti ya kurasa 80 iliyoandikwa na watu wanne, na mteja anataka Kiingereza cha Uingereza. Huyu kaandika "organise", yule "organize". Sura ya pili ina "programme", ya tatu "program". Word nayo inalipigia "colour" mstari mwekundu ukurasa mmoja, ukurasa wa mbele inalinyamazia. Nikitumia Replace All kugeuza kila "ize" kuwa "ise" si nitakuwa nimemaliza? Halafu upande wa sarufi, makosa gani sisi wa Kiswahili huyapitisha bila kuyaona?

MzeeWaKamusi
Mkuu, hiyo Replace All usiiguse. Herufi hizo tatu zimo ndani ya "size", "prize", "seize" na hata "citizen". Utamkabidhi mteja ripoti iliyojaa "sise" na "citisen".

Halafu -ize si ya Marekani peke yake. Kamusi za Oxford huitanguliza, kwa hoja kwamba asili ya kiambishi hicho ni Kigiriki na kule kina z. Umoja wa Mataifa nao huandika hivyo. Tazama jina la shirika la kazi duniani: International Labour Organization. "Labour" ina u ya Kiingereza cha Uingereza, "Organization" ina z, na hakuna kilichokosewa. Serikali ya Uingereza na magazeti mengi ya huko wanatumia -ise. Kwa hiyo muulize mteja anataka ipi. Asipojibu, chukua -ise, maana wasomaji wengi wa kwetu wakiona z wanadhani ni kosa na watakurudishia kazi bure.

Ukichagua -ize, jihadhari na maneno yasiyoipokea popote: "advertise", "advise", "supervise", "revise", "exercise", "compromise". Hayo hata Mmarekani anayaandika kwa s. Na "analyse" ni ya s Uingereza hata kwa wafuasi wa Oxford. "Analyze" ndiyo ya Marekani.

Zinazotenganisha pande mbili kweli ni zile alizozipigania Noah Webster, mwenye kamusi ya 1828: "color", "center", "defense". Anza na hizo.

fundi_faili
Kuhusu mstari mwekundu: Word huweka lugha kwenye maandishi yenyewe, si kwenye faili. Aya iliyobandikwa kutoka kwa mwandishi mwingine inakuja na lugha yake. Bonyeza Ctrl+A, nenda Review, Language, Set Proofing Language, chagua English (United Kingdom). Hapo hapo ondoa tiki kwenye "Do not check spelling or grammar". Hicho kisanduku ndicho kinachofanya kurasa nyingine zionekane safi wakati hazijakaguliwa kabisa.

Ctrl+A haichukui tanbihi wala maandishi ya kichwa cha ukurasa. Bofya ndani ya tanbihi moja, Ctrl+A tena, rudia hatua zile zile.

Ukimaliza usidhani umepona. Kamusi ya Uingereza ndani ya Word inakubali -ise na -ize zote mbili, na inakubali "program", "meter", "practice" na "license" popote pale, kwa sababu yote hayo ni maneno halali. Tafuta "iz" kwa Find Next, moja baada ya nyingine, uamue kwa macho.

Nukta_na_Mkato
Naongezea hapo kwa fundi. Uingereza "licence" na "practice" za c ni nomino, "license" na "practise" za s ni vitenzi. Ukisahau, jipime kwa "advice" na "advise", maana hizo zinatofautiana hata masikioni. Marekani huandika "license" na "practice" kwa kazi zote mbili. "Programme" ni mradi au ratiba, "program" ni ya kompyuta. "Metre" ni kipimo, "meter" ni kifaa kama mita ya maji.

L ndiyo inayowachanganya hata wahariri. Uingereza "travelled" na "cancelled" zina mbili, lakini "fulfil", "enrol", "skilful" na "instalment" zina moja! Marekani ni kinyume chake: "traveled", lakini "fulfill" na "enroll".

Sasa sarufi. Mengi yanatoka moja kwa moja kwenye Kiswahili chetu:

"Although the budget was small, but the work finished." Hiyo ni "ingawa... lakini". Kiingereza kinataka kimoja tu, futa "but".

"The report which we submitted it." Ni ile -i- ya "tuliyoiwasilisha" imejipenyeza. Futa "it".

"He" na "she" kubadilishana ndani ya aya moja, kwa kuwa "yeye" haina jinsia. Hapa programu haikusaidii, soma mwenyewe ukijua mhusika ni nani.

Kisha tafuta haya kwa Find: "discuss about", "emphasise on", "despite of", "comprises of", "informations", "equipments", "advices", "since three years". Manne ya mwanzo futa kihusishi. "Equipments" iwe "equipment", au "pieces of equipment" ukitaka kuhesabu. La mwisho ni "for three years".

Upatanisho: "The number of teachers have increased" ni kosa. Kiswahili kinakusaidia hapa, husemi "idadi ya walimu wameongezeka", unasema "imeongezeka". Hivyo "has". Ila "a number of teachers" maana yake walimu kadhaa, na hapo ni "have".

Kalamu_Butu
Shukrani wakuu. Kuna dondoo za maandishi ya Wamarekani na majina ya taasisi zao. Nayo niyageuze?

MzeeWaKamusi
Hapana. Dondoo, kichwa cha kitabu na jina rasmi hubaki kama mwenyewe alivyoandika: "Department of Defense", "Pearl Harbor". Hata chama cha Australia ni Australian Labor Party, bila u, ingawa nchi yenyewe huandika "labour".

Angalia na tarehe. 03/04/2024 kwa Mwingereza ni Aprili 3, kwa Mmarekani ni Machi 4. Kwenye majedwali yote andika mwezi kwa herufi, na kabla ya kubadilisha muulize mwandishi wa sura hiyo alimaanisha ipi.